Faini au Kitai

Kitai ni njiapanda. Lami inayotoka Songea inaendelea kupanda kuelekea Mbinga mjini na kwenda kuishia Mbamba Bay; barabara nyingine inachepuka hapo kwenda Ruanda, kisha inateremka mpaka Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko Ruanda ndiko yanakochimbwa makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011 chini ya kampuni ya Tancoal, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa lilichukua hisa asilimia 30 na wageni wakachukua 70. Malori yanayoyabeba hupita Kitai, mengine yakienda viwandani, mengine bandari ya Mtwara. Kahawa inashuka kutoka milima ya Umatengo. Mahindi yanatoka kila upande. Na hapo Kitai pana gereza, gereza la kilimo, ambalo wakazi wa Mbinga na Nyasa wanalijua vizuri hata kama hawajawahi kupeleka chakula cha mfungwa.

Wanaofungwa magerezani mwetu ni wa aina nyingi, na wapo ambao hata mimi ningeogopa kukutana nao usiku. Makala hii haiwahusu hao. Inamhusu yule ambaye hakimu alimpa ruhusa ya kurudi nyumbani siku ileile ya hukumu, akashindwa kwenda kwa sababu hakuwa na pesa mfukoni.

Sheria zetu nyingi za makosa madogo humalizika kwa namna moja: faini ya kiasi fulani na, ukishindwa kulipa, kifungo cha miezi fulani. Kosa linaweza kuwa kupika gongo, kupigana kilabuni, kukata mti msituni, kuvua kwa nyavu zilizokatazwa. Wawili wanasimama mbele ya hakimu mmoja, wana kosa moja, wanasomewa maneno yaleyale. Mmoja anampigia simu shemeji yake, pesa zinaingia, faini inalipwa, jioni anakula ugali kwake. Mwenzake anapandishwa kwenye karandinga. Ukiitafuta tofauti yao ndani ya jalada la kesi huioni. Hukumu ni moja, kosa ni moja, hata muhuri ni mmoja.

Wabunge wanaopitisha faini hizi wanalipwa kila mwezi, na nadhani ndiyo sababu wanaamini kila Mtanzania ana mwisho wa mwezi. Mkulima wa Maguu, Litembo au Langiro hana mwisho wa mwezi. Ana msimu. Kahawa yake inaanza kuiva Mei. Lazima achume, amenye, aoshe, aanike, apeleke chama cha msingi, angoje mnada, makato yapite, ndipo aone hela. Mahindi yanavunwa katikati ya mwaka, na mnunuzi wa maana huja baadaye kidogo. Kuanzia Januari hadi Machi ni palizi na mbolea. Pesa ya msimu uliopita imeshakwisha na ya msimu ujao ingali mbichi mtini. Mtu huyu akihukumiwa Septemba, faini ya laki mbili atailipa huku akinung'unika. Akihukumiwa Februari kwa kosa lilelile, ameenda Kitai. Kwa hiyo kinachoamua kifungo chake ni tarehe ya hukumu, na tarehe hiyo hupangwa na mahakama.

Ziwani mambo ni hayohayo, ila kalenda yake iko angani. Mvuvi wa usipa, dagaa wa Nyasa, huko Lituhi au Liuli huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, dagaa hawaifuati taa yake, mtumbwi unalala mchangani na mfuko unalala nao. Hakuna hakimu anayeangalia mwezi kabla ya kusoma hukumu.

Ndugu wa mhukumiwa huwa hawakai kimya. Wanakimbilia magoma. Msomaji wa Kagera angeita butura, na wa mjini anayo kausha damu, ambayo ni ndugu yao. Mwenye pesa anakupa fedha leo ukiwa na shida. Wewe unamlipa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei au kwa kipimo mlichokubaliana siku ulipokuwa huna sauti. Viongozi wa Serikali wameipiga marufuku biashara hii zaidi ya mara moja, lakini bado ipo, kwa sababu shida inayoizaa haijapigwa marufuku. Hebu fikiria namna mazungumzo yanavyokwenda siku hiyo. "Bosi, shikamoo. Ndugu yetu kahukumiwa asubuhi, gari la magereza linaondoka jioni." Hakuna mtu atakayesimama kubishania bei ya kahawa ya Julai huku karandinga limeshawashwa. Faini iliyoandikwa laki mbili kwenye hukumu, ikifika shambani si laki mbili tena. Imeongezeka faida ya mkopeshaji, na familia nzima, mke na watoto ambao hawakushtakiwa na mtu yeyote, wataitumikia msimu mzima.

Zamani Mbinga ilikuwa na mahali pa kukimbilia. Kulikuwa na chama kikuu cha ushirika, MBICU, kilichokuwa na uwezo wa kumkopesha mkulima pembejeo na kumsubiri hadi mavuno. Kikaporomoka kwa madeni katika miaka ya 1990. Walanguzi waliingia kwenye nafasi hiyo haraka kuliko vyama vya msingi vilivyokuja baadaye.

Serikali yenyewe inajua kwamba faini lazima ilingane na mfuko. Kwenye bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya barabarani kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kila kosa. Hoja iliyotumika ilikuwa rahisi: huwezi kumtoza mwenye pikipiki sawa na mwenye basi. Hoja hiyo ni sahihi. Ajabu ni kwamba iliishia barabarani, haikuingia mahakamani. Linganisha na lori la makaa linalokutwa na uzito uliozidi kwenye mizani. Kwa tajiri wake, faini ile ni gharama ya safari kama dizeli na matairi. Inaingizwa kwenye hesabu, safari inaendelea. Mama aliyekamatwa na lita chache za gongo hana daftari la kuingizia gharama.

Kesi inayoonyesha haya yote kwa mwanga mkali haikusikilizwa Mbinga. Ilisikilizwa Kisutu, Dar es Salaam.

Februari 16, 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, viongozi na wafuasi wa Chadema waliandamana kuelekea ofisi ya msimamizi wa uchaguzi kudai hati za mawakala wao. Polisi walifyatua risasi. Moja ilimpata Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akiwa ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa abiria. Baadaye mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Biswalo Mganga, alitangaza kulifunga jalada la kifo chake, kwa maelezo kwamba hakikuwa cha kukusudia. Hapakuwa na mshtakiwa, wala hakimu, wala faini.

Walioshtakiwa ni walioongoza maandamano. Machi 10, 2020, Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, na wenzake na kuwapa adhabu ambayo mpika gongo yeyote angeitambua: faini, au miezi mitano jela. Tofauti ilikuwa kwenye tarakimu. Jumla ya faini ilikuwa shilingi milioni 350, na sehemu ya Mbowe peke yake ilikuwa milioni 70.

Namna walivyotoka ndiyo yenye funzo. Wanachama na wananchi wa kawaida walichangishana kwa simu, elfu mbili mbili, elfu tano tano, hadi pesa zikatosha. Vincent Mashinji, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chadema na ambaye wiki chache kabla ya hukumu alikuwa amehamia CCM, alilipiwa milioni 30 zake na chama chake kipya. Na Mchungaji Peter Msigwa, mbunge wa Iringa Mjini wakati huo, alitakiwa kulipa milioni 40. Rais John Magufuli alichangia milioni 38. Rais wa nchi akamlipia faini mpinzani aliyeshtakiwa na Serikali ya rais huyohuyo! Wakati ule watu walicheka, wengine wakamsifu kwa utu na undugu. Utu ulikuwepo, sikatai. Lakini tazama milango yote mitatu ya kutokea: umaarufu, chama, na mfuko wa mkubwa. Mfungwa wa Kitai hana hata mmoja.

Juni 2021 Mahakama Kuu ilitengua hukumu ile na kuamuru faini zirudishwe. Aliyelipa alikuwa na cha kurudishiwa. Lakini mtu aliyekaa miezi mitano ndani kwa kukosa faini, kisha rufaa ikaonyesha kwamba hakuwa na hatia, hakuna hazina inayoweza kumrudishia miezi ile. Na mara nyingi huyo hakati rufaa hata kidogo, kwa kuwa kifungo cha miezi mitano huisha kabla rufaa haijapangiwa jaji.

Risasi kama iliyompata Akwilina si za Dar es Salaam peke yake; huku kwetu nako maandamano tumewahi kuyaona. Februari 2012 vijana wa Songea waliingia barabarani wakilalamikia mauaji ya raia yaliyokuwa yakitokea mjini. Polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Sitaki kudai kwamba dola haiadhibiwi kamwe. Mwaka huohuo, Septemba, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, na Julai 2016 Mahakama Kuu ilimfunga askari mmoja miaka 15. Askari mmoja, wa cheo cha chini. Wenye vyeo waliokuwa pale siku ile walirudi kazini.

Turudi kwa aliyekosa faini. Kuna sheria ambayo ingeweza kupunguza msongamano wa karandinga. Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomruhusu mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kutumikia adhabu yake nje, akifanya kazi ya umma bila malipo na kulala kwake. Ni sheria nzuri. Ilikaa miaka mingi bila wananchi wengi kuisikia, hadi Februari 2016 ilipojulikana nchi nzima kwa siku moja. Siku hiyo waliopewa nafasi hiyo walikuwa mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona. Walikuwa wametiwa hatiani Julai 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka katika mkataba wa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, uliotajwa kuisababishia Serikali hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 11. Kifungo cha miaka mitatu kilipunguzwa na Mahakama Kuu hadi miwili, kisha wakatolewa kwenda kufanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina, saa nne kwa siku.

Picha zao wakiwa na mifagio zilisambaa, watu wakafurahi kuona wakubwa wakifagia. Mimi naona walifurahia kitu kisicho chao. Wazee wale hawakukosea kuomba haki iliyomo kwenye sheria, na mahakama haikukosea kuwapa. Ila mtu wa Ruanda au Mbuji aliyefungwa miezi sita kwa kukosa faini ndiye hasa aliyeandikiwa sheria ile, naye angefagia zahanati ya kijiji chake kwa moyo mweupe kuliko kulima shamba la gereza. Ili aipate anahitaji afisa wa uangalizi aandike taarifa yake, hakimu aisome, na mtu wa kumwambia kwamba sheria hiyo ipo. Mramba na Yona walikuwa na mawakili. Katika Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi nyingi za aina hii huanzia, kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa hata kuingia kumtetea mtu.

Msisimko mkubwa zaidi ulikuja Septemba 2019. Rais Magufuli aliwapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kukiri, kurudisha fedha na kuomba msamaha, kisha akaziongeza. Mwisho wa mwezi Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kwamba watu 467 wako tayari kurudisha shilingi bilioni 107.8. Utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa ulikuwa umeingizwa kwenye sheria mwaka huohuo. Juni 2021 Harbinder Singh Sethi wa kampuni ya umeme ya IPTL, aliyekuwa ndani tangu 2017, alitoka kwa njia hiyo baada ya kukubali kulipa shilingi bilioni 26.9. Wezi wa kuku hawakupewa siku saba. Kuku hana makubaliano.

Hapa lazima niwatendee haki matajiri pia, maana si kila aliyelipa alikuwa mwizi. Shtaka la utakatishaji fedha halina dhamana. Mtu akishakaa nalo mwaka, miaka miwili, bila kesi kusikilizwa, atakiri hata kosa la babu yake. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, mama yake akafa Desemba naye yuko mahabusu, na Februari 2020 akatoka baada ya kukubali kulipa zaidi ya shilingi milioni 270. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kuwa kinyume cha Katiba. Agosti Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo mwenye pesa naye anauziwa uhuru, na bei yake inapangwa akiwa ndani. Ni magoma ya ngazi ya juu.

Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai Januari 2023, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikakabidhi ripoti. Malalamiko kuhusu fedha za makubaliano yalikuwemo miongoni mwa mambo yaliyoletwa mezani. Ripoti ilipendekeza mengi, likiwemo polisi kugeuzwa kutoka jeshi kuwa huduma. Miaka miwili baadaye, baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, vijana kwa mamia walifikishwa mahakamani kwa uhaini, kosa jingine lisilo na dhamana. Novemba 14, akifungua Bunge, Rais alitaka waliofuata mkumbo wasamehewe, na wengi wakaachiwa siku zilizofuata. Tume mpya ikaundwa kuchunguza yaliyotokea. Mwenyekiti aliyeteuliwa ni yuleyule, Jaji Chande.

Waliotoka nawapa pole, na familia zao nazipongeza. Linalonisumbua ni mlango waliotokea. Milioni 38 za Magufuli, siku saba za 2019, misamaha ya kila Desemba 9 ambayo mwaka 2017 iligusa wafungwa 8,157 na mwaka 2019 wafungwa 5,533, na mwaka 2025 neno la Bungeni: kila mara uhuru unateremka kutoka juu kama mvua, na mkulima anaujua mchezo wa mvua. Hawezi kuidai. Anaingoja.

Desturi ya kumtoza asiye na pesa kwa jasho lake haikuanzia Dodoma. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, aliyeshindwa kulipa alifanyishwa kazi. Waingereza waliendelea nayo kwa sheria zao. Hasira ya kodi na kazi za shuruti ilichangia kuwasha Majimaji mwaka 1905, na Februari 27, 1906 walionyongwa pale Songea walihukumiwa na watu walewale waliokuwa wakipigana nao. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kuomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa wakati ule. Ilichukua miaka 117.

Nchi nyingine zimeshaona kwamba faini moja kwa wote ni adhabu mbili. Finland tangu 1921 inahesabu faini kwa kipato cha siku: kosa linapewa idadi ya siku, na kila mtu analipa siku zake kwa kipato chake. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland, Anders Wiklöf, alikamatwa akiendesha kilomita 82 kwa saa penye 50 akalipa euro 121,000. Mtu wa mshahara mdogo kwa mwendo uleule angelipa mamia ya euro tu. Najua jibu litakalotolewa: Finland wanajua kipato cha kila raia kwenye kompyuta, sisi hata anwani za makazi zimetutoa jasho. Sawa. Mbinga hatuhitaji kompyuta ya Finland. Chama cha msingi kinajua kila mwanachama alileta kilo ngapi za kahawa mwaka jana. Mtendaji wa kijiji anajua nani ana ekari ngapi na nani anakula kwa jirani. Hakimu akitaka kujua uwezo wa mtu, hata mabaraza ya wazee yatamwambia bila posho.

Wala si lazima tuanze na kipato. Tunaweza kuanza na kalenda. Gharama ya kumlisha, kumlinda na kumtibu mtu kwa miezi sita inazidi laki mbili alizoshindwa kulipa; Hazina inapoteza faini, inapoteza na chakula, na shamba la kahawa lililokosa mkono wa kupalilia linapoteza msimu mzima. Mhukumiwa mwenye makazi yanayojulikana, mwenye mibuni inayoonekana kwa macho, apewe hukumu ile ile na tarehe ya kulipa: Septemba 30, baada ya mnada. Balozi wake wa nyumba kumi na chama chake cha msingi wamdhamini. Akikimbia, akamatwe. Wakulima wa Langiro hawakimbii mibuni waliyoipanda babu zao. Na kwa asiye na mibuni, asiye na mtumbwi, asiye na ndugu wa kupiga simu, Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002, na zahanati za Mbinga zina vumbi la kutosha la kufagia.